Gitaa Lisilonyamaza

Mwaka 2017 nilikuwa napanga muziki wa kwaya moja ya Kadutu, hapa Bukavu. Kazi niliifanya usiku wa manane kwenye FL Studio, programu ya kompyuta ya kutengenezea muziki, maana ndipo umeme ulipokuja. Nilikuwa nimetunga melodia ya gitaa niliyoipenda mno, vipimo vinane vya mapigo bila kupumua. Waimbaji walipoimba juu yake, sauti zao zilizama.

Mwalimu wao, mzee tuliyemwita Maestro, alisikiliza mara mbili, akavua miwani.

"Mwanangu, gitaa lako linauliza, tena linajijibu lenyewe. Sisi tumekuja kufanya nini?"

Neno lile lilinichoma. Jioni nikashuka Nguba, ufukoni mwa Ziwa Kivu, saa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanapotoka. Mitumbwi yao mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, na wakipiga makasia wanaimba. Nimewasikia tangu utotoni. Siku ile ndiyo niliyowasikiliza. Anayeanzisha aliikata sauti yake juu, ikabaki inaning'inia, makasia yakiwa bado hewani. Wenzake wakaitikia pale makasia yalipogusa maji: chini, kwa uzito, maneno mawili tu. Kati ya mwito na kiitikio palikuwa na pumzi moja. Mtumbwi wote ulikuwa unaingoja pumzi ile.

Nikarudi, nikaanza kufuta. Iliniuma, kila noti nilikuwa nimeihangaikia. Nikaacha vipimo viwili vya gitaa vikomee kwenye noti ya sol, maana sol haitulii, inataka kitu. Jibu nililipiga kwanza kwa gitaa lilelile, likasikika kama mtu anayezungumza peke yake. Nikalihamishia kwenye gitaa la besi, oktava moja chini, kwa mdundo wa mwito uleule ili sikio lijue swali lililojibiwa ni lipi, kisha likashuka hadi do, noti ya nyumbani. Sauti ya gitaa nikaisogeza kwenye spika ya kushoto, ya besi kulia kidogo. Kwenye mzunguko wa tatu sikuweka jibu lolote. Vipimo viwili, ngoma tu.

Jumapili baada ya ibada niliwachezea. Walisikiliza wakitikisa vichwa. Mzunguko wa tatu ukafika, gitaa likakomea sol, na wanaume wa sauti ya besi waliosimama nyuma, ambao sikuwa nimewaambia kitu, wakaitikia wenyewe hadi do. Waimbaji wa sauti ya alto wakawafuata.

Maestro hakuwatazama. Alinigeukia mimi, akaonyesha mikrofoni kwa kidole.

"Rekodi."