Mwanafunzi wa Ushonaji Viatu Aliyeitawala Romania

Nicolae Ceaușescu alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Scornicești, kwenye familia ya wakulima maskini, na alipokuwa na umri wa miaka 11 tu alikwenda Bucharest kujifunza ushonaji wa viatu. Huko ndiko alikojiunga na wakomunisti, ambao chama chao kilikuwa kimepigwa marufuku, na tangu hapo akawa mtu wa kuingia na kutoka gerezani.

Kwa maoni yangu, shule yake halisi ya siasa ilikuwa kambi ya Târgu Jiu, ambako wakati wa Vita Kuu ya Pili alizuiliwa pamoja na Gheorghe Gheorghiu-Dej, mmoja wa viongozi wa wakomunisti, akawa mfuasi wake mtiifu. Dej aliposhika hatamu za nchi, Ceaușescu alipanda ngazi hadi akakabidhiwa masuala ya uteuzi wa makada, yaani fursa ya kuwapanga watu wake kila pembe ya chama. Dej alipofariki Machi 1965, vigogo, akiwamo waziri mkuu Maurer, walimwona Ceaușescu kuwa ni mtu wa kuelekezeka (walikosea vibaya mno!), wakamwachia uongozi. Agosti 1968 aliulaani hadharani uvamizi wa Chekoslovakia uliofanywa na Umoja wa Kisovieti na washirika wake, na umati wa Bucharest ukamshangilia. Mwaka 1974 aliapishwa kuwa rais huku akikabidhiwa fimbo ya enzi, mithili ya mfalme.