Shingo ya Baba Mkubwa

Jumatano, usiku

Karatasi ya altrasaundi ilisema mshipa wa karotidi wa kushoto, ule wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, umebana kwa asilimia 45. Namba hiyo iliwatuliza wote nyumbani. Shangazi akaanza hadi kupanga safari yake ya Tanga. Mimi sikutulia. Siku chache kabla, mkono wa kulia wa Baba Mkubwa ulilegea, kikombe kikamponyoka, na maneno yakamkatika kwa muda kabla hayajarudi. Daktari alisema ni kiharusi cha kupita, na moyo wake haukuonyesha hitilafu. Kama chanzo ni shingo, hiyo asilimia 45 inatuambia nini?

Kazi yangu ni uuguzi, na nimewaeleza wagonjwa wengi kwamba mshipa ni kama bomba linaloziba taratibu kwa kutu. Mfano huo nauacha. Bomba halitanuki. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walionyesha, kwenye mishipa ya moyo, kwamba plaki, yaani mafuta na vitu vingine vinavyojikusanya ndani ya ukuta wa mshipa, ikikua mshipa nao hutanuka kwa nje, na njia ya damu huanza kubana plaki inapokaribia kushika asilimia 40 ya nafasi. Ugonjwa unaweza kuwa umeshajaa ukutani huku njia ikionekana safi.

Siidharau asilimia. Utafiti wa NASCET wa mwaka 1991, wa Amerika Kaskazini, ulihusu watu waliokwisha kupata dalili na mshipa umebana kwa asilimia 70 hadi 99. Upasuaji wa kuitoa plaki uliwapunguzia hatari ya kiharusi cha upande huo, ndani ya miaka 2, kutoka asilimia 26 hadi 9. Lakini walio chini ya hapo wasirudishwe nyumbani kana kwamba ni wazima.

Kwa hiyo tulipoambiwa aende MRI ya ukuta wa mshipa, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, nilishukuru sana. Leo tumekwenda. Walimwekea koili, kifaa cha kunasa mawimbi ya picha, shingoni, wakamsihi asimeze mate mashine inapopiga kelele, kwa sababu koo likicheza picha inaharibika. Mzee wa miaka sabini na kitu kujizuia kumeza mate si jambo dogo. Alipotoka aliniambia, "Mwanangu, nimekaza kama niko gwaride." Alikuwa amechoka, macho mekundu, nami nikamshika mkono hadi kwenye gari.

Kipimo hiki kinazima mng'ao wa damu inayopita, ibaki nyeusi, ukuta uonekane wenyewe: unene wake, mafuta yaliyojikusanya ndani, kifuniko cha nyuzinyuzi kinachoyazuia yasimwagikie kwenye damu. Ninachokipenda zaidi ni jinsi kilivyothibitishwa. Huko Seattle, Chun Yuan, Thomas Hatsukami na wenzao waliwapiga picha wagonjwa waliokuwa wanasubiri kufanyiwa upasuaji. Plaki ilipotolewa, ilikatwa vipande vyembamba, kikawekwa chini ya darubini kipande baada ya kipande, kikalinganishwa na picha ya mahali pale pale. Watu hao walikuwa na hofu zao za kisu, na bado walikubali kulala ndani ya mashine kwa faida ya wagonjwa ambao hawatawajua kamwe. Baba Mkubwa ni mmoja wa hao wanaofaidika leo.

Mwaka 2006 kundi hilo la Seattle lilitoa matokeo ya watu 154 ambao mshipa wao wa shingo ulibana kwa asilimia 50 hadi 79 bila dalili, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 3. Waliokuwa na damu iliyovuja ndani ya plaki walikuwa na hatari ya kiharusi, kikubwa au cha kupita, takriban mara 5 ya wenzao.

Na kwenye picha za Baba Mkubwa kuna weupe mkali ndani ya ukuta. Hiyo ni damu. Imevuja ndani ya plaki, na hemoglobini yake ikishabadilika hung'aa namna hiyo.

Jioni nimekaa na shangazi nikamweleza taratibu. Safari ya Tanga imeahirishwa. Dawa ya kuzuia damu kuganda ameshaanza, presha tutaipima kila asubuhi, statini, dawa ya kupunguza kolesteroli, atameza kila siku, na kesho daktari wa upasuaji wa mishipa atazitazama picha. Kuna utafiti wa mwaka 2001, wa Roberto Corti na wenzake, ambapo baada ya mwaka mmoja wa simvastatini, mojawapo ya statini, ukuta ulikuwa umepungua unene ilhali njia ya damu haikubadilika. Anayepima njia tu angesema dawa haijafanya kitu. Kwa hiyo kesho nitamwomba daktari aandike kwenye faili unene wa ukuta, kando ya ile asilimia 45, tuwe na cha kulinganisha mwakani.