Nigone saa ngapi?

Pikapu yangu ilianza kunguruma mwezi wa pili, kwa hiari yangu na kwa shilingi 150,000 zangu. Kijana wa gereji moja Mwanjelwa, hapa Mbeya, alifungua boneti, akang'oa boksi zima la filta ya hewa, akafunga filta ya koni iliyo wazi, nyekundu kama pilipili. "Sasa gari inapumua, braza." Nikakanyaga mafuta. Mlio ukanikolea palepale kama mtoto aliyenunuliwa filimbi. Boksi la zamani, pamoja na kikopo cha plastiki kilichochomoza ubavuni mwake, nikayaacha hapo hapo. Makorokoro tu.

Natoka Uyole saa kumi alfajiri kufuata viazi Isyonje. Jirani yangu ni bibi wa Kinyakyusa, ukuta wa chumba chake uko hatua chache tu kutoka ninapoegesha. Wiki ya pili nilimkuta anachambua maharage nje, nikamwamkia kwa adabu zote: "Mugonile, bibi." Kwa wasio wa huku, salamu yetu asili yake ni kumuuliza mtu kama amelala.

"Nigone saa ngapi, mjukuu wangu, na hilo dubwana lako?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi, amezeeka kwenye malori ya Tunduma. Alichukua chupa tupu ya soda, akapuliza mdomoni mwake: vuuu. Injini, akasema, haivuti hewa kama upepo wa dirishani, inaibugia mafundo mafundo. Yangu ina silinda nne. Kila silinda inavuta mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo ikizunguka mara 2,400 kwa dakika ni mafundo 80 kila sekunde, na kila fundo linapiga kelele kurudi nje kupitia mdomo wa kuvutia hewa. Boksi ndilo linaloumeza mlio ule. Na kile kikopo nilichokidharau ni chupa ile ile ya soda: ukubwa wake umepimwa ili mlio wake ukutane na mlio wa injini, iuane.

"Wewe umefungua mlango ukadhani umeongeza nyumba."

Nguvu je? Nilijidanganya hadi siku niliyopandisha mifuko 20 ya mbolea. Gari langu ni dizeli ya lita tatu, haina tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini. Huku kwetu, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar, na Isyonje iko juu zaidi. Hewa kidogo iliyopo nayo nilikuwa naivuta kutoka chini ya boneti, jirani na rejeta, imeshachemka, wakati bomba la zamani lilikuwa linachota ya baridi kutoka nje. Hewa ya moto ni nyepesi, dizeli inakosa ya kuunguzia. Basi nikapanda na gia ya pili, nanguruma kama simba, nyuma moshi mweusi tii, na fuso iliyosheheni mbao ikanipita. Konda wake akanipungia mkono. Ule mkono bado unaniuma.

Nikarudi gereji kuulizia boksi langu. Lilishauzwa, na kijana hakuona haya. Nilizunguka kwenye spea za mitumba siku tatu nikapata la pikapu iliyopinduka, likiwa na kikopo chake, kwa 70,000. Lilikuwa na ufa. Mzee akauziba, maana vumbi la kiangazi likipenya hapo linasaga silinda.

Alfajiri ya kwanza nilitoka kimya mpaka nikahisi gari limezimika. Jioni bibi akanitumia mkungu mdogo wa ndizi, bila maneno.

Ila sasa, nikifika mwendo wa 50, nasikia uuuuu kutoka gurudumu la mbele kulia. Beringi. Mzee anasema ina miezi inalia hivyo.