Asubuhi Qumran, alasiri kwenye gombo la Isaya

Basi la Bahari ya Chumvi linatoka Yerusalemu na kuteremka mfululizo. Unapita kibao cha usawa wa bahari, na bado mteremko unaendelea. Usipange Jumamosi: toka Ijumaa alasiri mabasi hayo hayatembei.

Qumran, magofu ya kale kando ya Bahari ya Chumvi, karibu na mapango yalikopatikana magombo ya maandiko ya Kiyahudi, likiwemo la Isaya, nilifuata chumba kimoja tu. Wachimbaji walikipa namba 30, urefu kama mita 13 kwa upana wa 4. Roland de Vaux, mtawa Mfaransa aliyechimba hapo kati ya 1951 na 1956, alikuta meza za udongo zilizopakwa plasta, zimeporomoka kutoka ghorofani, pamoja na vidau vya wino. Akakiita chumba cha waandishi. Leo ni kuta fupi na vumbi. Meza zilipelekwa Yerusalemu. Ubishi haujaisha, kwa sababu meza zenyewe ni za nusu mita tu kwenda juu, na mwandishi wa enzi zile aliketi akaandikia gotini. Mimi nashikilia vidau. Meza unaweza kuilia chakula au kuitandazia ngozi. Kidau cha wino ukifanyie nini kingine?

Ng'ambo ya korongo linaonekana pango la 4, lililotoa vipande vya magombo tofauti zaidi ya 500. Unalitazama kwa mbali, hapaingiliki.

Alasiri nilikuwa tena Yerusalemu, Makumbusho ya Israeli, ndani ya kuba jeupe lililoigwa kifuniko cha mitungi iliyokutwa na magombo. Gombo la Isaya lililozungushwa katikati ni nakala, lakini linasomeka vizuri. Lenyewe lina mita 7.34: ngozi 17 zilizoshonwa pamoja, safu 54. Mwandishi alitangulia kukwaruza mistari kwa ncha kavu, kisha akaning'iniza herufi chini ya mstari, si juu yake. Wino wa aina hii ni masizi, gundi ya mti na maji. Gundi ikipungua masizi yanapukutika. Ikizidi, wino unakakamaa na kupasuka ngozi inapokunjwa.

Tafuta safu ya 33, Isaya 40. Maneno "majani yakauka, ua lanyauka" yanakuja mara mbili, aya ya 7 na ya 8. Jicho la mwandishi likaruka kutoka mara ya kwanza hadi ya pili, na yote ya katikati yakapotea. Mkono mwingine ukayachomeka baadaye juu ya mstari, nafasi ikaisha, ukashuka nayo pembezoni kushoto. Penye jina la Mungu uliweka nukta nne.

Sasa, aliyenakili hivi si lazima awe mwalimu, na hapo ndipo wageni wengi huchanganya. Kusoma kulikuwa jambo moja, kuandika kulikuwa kazi ya mikono yenye mafundi wake. Hata Mishna, mkusanyo wa sheria za mdomo za Kiyahudi, aliyoipanga Rabi Yehuda ha-Nasi huko Galilaya kama mwaka 200, ilifundishwa kwa kukaririwa: aliyeitwa tanna alithaminiwa kwa kuhifadhi, na Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina kauli inayokataza mafundisho ya mdomo kutolewa kwa maandishi.

Hata hivyo walimu walikuwa na pinkas, vibao vilivyopakwa nta. Kalamu yake ilikuwa na ncha upande mmoja na ubapa wa kufutia upande wa pili. Mishna inaijadili hadi ikivunjika: ncha ikikatika bado ni chombo, maana inafuta, ubapa ukikatika bado ni chombo, maana inaandika.

Nilimalizia kwenye taa za udongo, kila moja inaenea kiganjani. Sheria ilikataza kusoma kwa mwanga wake usiku wa Sabato, mtu asije akaiinamisha mafuta yafike kwenye utambi. Rabi Ishmaeli ben Elisha alisoma, akainamisha. Hekalu lilikuwa limekwisha kubomolewa, kwa hiyo sadaka hakuwa na pa kuipeleka. Akaandika deni kwenye pinkas yake: Hekalu likijengwa, nitaleta sadaka ya dhambi iliyonona.