Lee-Enfield ya zamani: pima hedispesi kwanza ndo upige

Jamani wale mnaonunua bunduki za jeshi za zamani huku Marekani na Kanada, hasa Lee-Enfield No. 4 ya jeshi la Waingereza, naomba tuongee kuhusu hedispesi, maana naona watu wanakagua mbao na kutu ya ndani ya mtutu halafu haoo, renji kulenga shabaha. Mimi hizi bunduki nazipenda sana, Lee-Enfield ndo wazee wetu wa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki, walibeba kule Burma, so sitaki kuona mtu anaumia nayo.

Risasi ya .303 ina ukingo kitakoni, na huo ukingo ndo unaoizuia isizame chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Sasa ile nafasi ambayo ukingo unakaa, kati ya mtutu na uso wa boliti (kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi), ndo hedispesi. Ikizidi, ukifyatua ganda linasukumwa nyuma huku mwili wake umeshabana chemba, kwa hiyo linavutika pale juu kidogo ya kitako mpaka linakatika, na gesi ya moto inatafuta pa kutokea, inaweza kurudi kwako usoni. Vaa miwani kila siku, hilo halina mjadala.

Hedispesi inapimwa kwa geji, vipande vya chuma unavyoweka chemba badala ya risasi. Geji ya GO ni inchi 0.064, boliti inatakiwa ifunge. NO-GO ya kiraia ni 0.067 na field ya kijeshi ni 0.074, boliti ikifunga na hiyo ya field, bunduki weka pembeni kabisa, mpelekee fundi. Na ukipima toa springi ya boliti, funga kwa kidole tu usilazimishe.

No. 4 ina uzuri wake, kichwa cha boliti kinafunguka kama skrubu na vilitengenezwa kwa namba 0 mpaka 3, kubwa ndo ndefu. Lakini usinunue namba 3 kwa kubahatisha, viwanda vilikuwa na tofauti zao, unaweza kukuta namba 1 ndefu kuliko namba 2, pima kwa maikromita. Na kama boliti yenyewe ina namba ya usajili tofauti na ya bodi ya bunduki, muombe fundi aangalie kama meno yake yote mawili ya kufungia yanakaa sawa, kichwa kirefu hakitibu hilo.

Halafu kitu ambacho wengi hawasemi, mara nyingi hedispesi iko poa kabisa ila chemba ni pana, za vita zilitengenezwa hivyo ili risasi yenye tope iingie, so ganda linatanuka sana mara ya kwanza tu. Chukua klipu ya karatasi, ikunje ncha, ingiza ndani ya ganda lililopigwa ukwaruze ukuta kuelekea kitakoni. Ikikwama kwenye kamfereji hilo ganda limekwisha, tupa. Nje utaona pete inayong'aa. Fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kitakoni, ikitokeza nyuma nayo ni dalili ya hedispesi kuzidi.

Kwa mnaojaza risasi wenyewe, msilirudishe ganda zima kwenye saizi ya kiwandani, bana shingo tu, bega (pale ganda linapoanza kuwa jembamba) libaki lilivyokaa kwenye chemba ya bunduki yako, hapo ganda linashikwa na bega na halivutiki tena kila ukipiga.