Siku kumi nilizokataa kuziuza

Dalali, Mkongo mwenzetu wa kanisani, alitandaza karatasi juu ya boneti ya gari. "Saini hapa, Mama Imani. Kuna watu wengine wawili wanaitaka hii nyumba."

Nyumba yenyewe ipo Buffalo, New York, imejengwa 1924. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto wadogo, majumbani mwaka 1978. Ukinunua nyumba ya kabla ya hapo, sheria inamtaka muuzaji aseme anachojua kuhusu rangi hiyo, nawe upewe siku 10 za kupima kwa fedha yako. Karatasi ile ilikuwa ya kuziachia siku hizo. Muuzaji alikuwa ameweka alama kwenye "sina taarifa", na dalali akaisoma kana kwamba imeandikwa "hakuna". Asiyepima atajuaje?

Nikakataa. Imani alikuwa na miezi 14, umri wa kuonja kila kitu.

Mpimaji alituchaji dola 450, na ziliniuma. Alikuja na mashine ya miale yenye umbo la bastola. Anaigusisha ukutani, inasoma mpaka rangi ya chini kabisa bila kukwangua chochote. Nilicheka peke yangu: bastola inayotafuta risasi. Kwa viwango vya serikali kuu, rangi huhesabiwa kuwa ya risasi ikifika miligramu 1 kwa sentimita mraba. Sebuleni ilisoma 0.1, chumbani 0.2. Nikaanza kupumua. Dirisha la jikoni likasoma 11.4.

Madirisha ya zamani ya huku hupandishwa na kushushwa, mbao ikisugua mbao. Yule bwana alilipandisha, akamulika tochi kwenye mfereji wa chini. Kulikuwa na vumbi la kijivu na magamba ya rangi, meupe upande mmoja, kijani upande wa pili. Mahali penyewe ni usawa wa kidevu cha Imani. Akanieleza kuwa rangi iliyoshika vizuri ukutani si tatizo kubwa. Kazi ipo pale inaposagika ikawa vumbi, vumbi likaingia mikononi, mikono ikaingia mdomoni.

Ripoti ilikwenda kwa wakili wetu, muuzaji akapunguza dola 4,000. Madirisha tisa yalikula zaidi ya hizo.

Shemeji yangu alijitolea: "Shem, nipe msasa na Jumamosi mbili, wewe pika chai tu." Moyo mzuri, lakini kupiga msasa mkavu kungeisambaza risasi nyumba nzima, mpaka kwenye magodoro. Nilimshukuru, nikatafuta mafundi wenye cheti cha kazi hiyo. Walitandika nailoni, wakalowesha rangi kabla ya kuigusa, wakamaliza kwa mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio maalumu. Kisha sakafu na vizingiti vikapanguswa kwa vitambaa vilivyokwenda maabara. Tulilipa kodi ya mwezi mmoja zaidi kule tulikopanga, tukisubiri majibu. Mume wangu alinuna, nikamwacha anune.

Jimbo la New York linataka kila mtoto apimwe risasi kwenye damu akiwa na mwaka mmoja, na tena akifika miwili. Kipimo cha pili cha Imani kilitoka mikrogramu 1.3 kwa desilita ya damu, wataalamu huanza kufuatilia kwa karibu kuanzia 3.5.

Nguzo za baraza la nyuma bado zina rangi ile ya zamani, imefunikwa kwa rangi mpya. Kila Jumamosi nazikagua kama imebanduka, napangusa sakafu kwa tambara lililoloa. Imani hupiga kelele nyuma ya mlango wa kioo, anataka naye apewe tambara lake.