Dada ndiye anayeshinda naye

Jumapili, usiku

Kila ushauri wa malezi ninaoupata unaelekezwa kwangu: mama fanya hivi, mama usifanye vile. Nausikiliza, nauweka akilini, kisha alfajiri natoka kuwahi daladala za Kariakoo, na mtoto anabaki na mtu ambaye hakuna aliyemweleza chochote. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Tunamwita Babu kwa sababu amebeba jina la baba yangu. Anayempikia mchana ni dada wa kazi, anayemlaza ni dada, anayemkimbilia akijikwaa ni dada. Nimefikia kuamini kwamba kwa nyumba kama yetu, ambapo baba na mama wote wanarudi na giza, malezi mazuri yanaanza na jinsi tunavyoishi na dada.

Ndiyo maana wiki hii kliniki nilikwenda naye. Tulikaa kwenye benchi na wenzetu, Babu akavuliwa nguo, akaning'inizwa kwenye mzani huku akipiga kelele za kutaka kushuka. Nesi alipofungua kadi na kuuliza, "Anakula mara ngapi kwa siku?" nikamgeukia dada. Akajibu bila kusita: uji saa moja, parachichi au ndizi mbivu saa nne, chakula saa saba, uji tena saa kumi, usiku anakula na sisi na kunyonya. Kuanzia hapo nesi akaacha kuniangalia mimi. Akamwonyesha dada ule utepe wa rangi anaouzungusha mkononi mwa mtoto kupima kama ana utapiamlo, kwamba kijani ni salama, chini ya sentimita 12.5 ni njano, na chini ya 11.5 ni nyekundu, hapo hakuna kusubiri kesho. Dada akaomba aushike mwenyewe. Njiani kurudi alikuwa ananikumbusha mimi.

Nawashauri kina mama wenzangu: kama mwajiri anakupa ruhusa ya siku ya kliniki, nenda na anayeshinda na mtoto. Dakika kumi za nesi zikisikika na masikio yanayohusika zina faida kuliko maelekezo ninayoyatoa mimi usiku nikiwa nimechoka na yeye amechoka.

Kuhusu chakula, tumekubaliana mambo machache na tunayashika. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko ushuke taratibu. Uji mwepesi unajaza tumbo na mtoto analala na njaa. Babu ana sahani yake mwenyewe, hata tukila ugali wote pamoja, kwa sababu kwenye sinia la watu wazima huwezi kujua kala kiasi gani. Kila siku apate kitu cha kujenga mwili: yai, maharage yaliyopondwa, samaki, au dagaa. Dagaa dada anawatoa vichwa, anawaosha, anawakausha juani, anawakaanga bila mafuta kisha anawatwanga wawe unga. Kijiko cha unga huo kinaingia kwenye mchicha au kwenye wali wenye mchuzi, na Babu hashtuki. Hilo ni lake dada, mimi sikumfundisha.

Unga wa lishe nimeuchukulia kwa uzito zaidi. Mtaani unauziwa mchanganyiko wa nafaka saba, nane, karanga humo humo, na hujui karanga zenyewe zilikaa ghala gani. Karanga na mahindi vikihifadhiwa na unyevu vinaota ukungu, na ukungu huo unatengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Kwa hiyo sisi tunanunua mahindi na karanga zikiwa nzima, Jumamosi tunakaa na ungo, tunachagua punje moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyopasuka, yenye vumbi la kijani, tupa. Hatumpi hata kuku. Karanga tunasaga peke yake na kuweka kidogo kwenye uji ukishaiva, ili unga usichache. Na karanga nzima Babu hapewi kabisa, wala popcorn, wala pipi ngumu. Mtoto wa umri huu anapaliwa haraka mno.

Kuna jambo ambalo nalisema kila ninapopata nafasi, na nitaendelea kulisema. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji. Mtoto anayeanza kutembea anajua chupa ni ya kunywea. Ataona, atafungua, atameza. Nyumbani kwetu mafuta ya taa, dawa ya panya na maji ya kufulia ya kuondoa madoa vinakaa juu ya kabati, kwenye vyombo vyake halisi. Na dada anajua kwamba ikitokea, mtoto asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa kulazimishwa, kwa sababu mafuta ya taa yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu. Ni kukimbilia hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Maji nayo. Huku kwetu bomba likitoka tunajaza kila chombo, na ndoo ya maji ni hatari kwa mtoto aliyesimama anainama kuchungulia, maana kichwa ndicho kizito na akitumbukia hawezi kujiinua. Madumu yana vifuniko, diaba lina ubao, ndoo ya kuogea ikimaliza kazi inamwagwa na kufunikwa kifudifudi. Jiko la mkaa liko nje, limezungushiwa matofali. Chupa ya chai inakaa katikati ya meza, na meza haina kitambaa, kwa sababu mtoto akivuta kitambaa kila kilicho juu kinamfuata. Akiungua, ni maji ya bomba ya kawaida yakimtiririkia kwa dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo unga, siyo yai.

Ukutani karibu na swichi kuna karatasi yenye namba yangu, ya baba yake, ya mama jirani na ya dereva bajaji tunayemwamini. Chini ya kadi ya kliniki kuna hela ya dharura. Dada hahitaji ruhusa kuitumia. Hapa nasisitiza: dada anayeogopa kusemwa atasubiri urudi jioni, na kuna mambo yasiyosubiri jioni.

Mwezi uliopita mtoto aliharisha. Dada alianza mwenyewe maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko baada ya kijiko, kisha akanipigia simu. Zahanati wakampa na vidonge vya zinki vya miligramu 20, kimoja kila siku kwa siku 10, na wakasisitiza vimalizwe hata kama choo kimekuwa kizuri. Alivimaliza vyote. Tunajua pia dalili za kukimbia nazo: macho kuingia ndani, kushindwa kunywa, kulegea, damu kwenye choo.

Sasa tabia. Babu ameingia umri wa kugaragara. Ukimnyima rimoti anajitupa chini, anapiga visigino sakafuni, kamasi na machozi vinachanganyika. Majirani wanasema mchape mapema angali mdogo. Hachapwi kwangu, na dada anajua hilo halina mjadala. Mtoto wa umri huu anataka kitu na hana maneno ya kukiomba, hasira inamzidi nguvu. Dada ana namna yake: anachuchumaa wafikiane macho, anasema kwa sauti ya chini, "Babu umekasirika. Unataka rimoti. Rimoti hapana." Halafu anasubiri. Mlio ukianza kupungua anampa kuchagua: tukamwagilie mchicha au tukaangalie kuku? Mara nyingi kuku wanashinda. Yeye ndiye aliyegundua pia kwamba vurugu nyingi zinakuja kabla ya saa saba, siku ambayo hakulala asubuhi. Watoto wa umri huu wanahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, mchana na usiku ukijumlisha, na sisi tulikuwa tunaona ni ukorofi kumbe ni usingizi.

Simu ni suala gumu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na akifikisha miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Kulisema hilo ni rahisi ukiwa ofisini. Dada anafua, anapika, anadeki, na mtoto yuko miguuni; katuni zinampa nafasi ya kupumua. Kwa hiyo tulianza na kazi zake. Nguo za watu wazima tunafua wenyewe mwisho wa wiki. Mtoto akilala mchana, dada naye analala au anafanya mambo yake. Sitaki kukuta nyumba inang'aa na mtu amechoka. Akiwa jikoni, Babu ana beseni lake la sufuria ndogo, mwiko na vifuniko vya plastiki vikubwa, anapika na yeye. Televisheni imebaki kwa nadra. Anayemwomba dada asitumie simu kutulizia mtoto huku amemrundikia kazi za watu watatu, anaomba kisichowezekana.

Wapo marafiki waliofunga kamera sebuleni. Sitabishana nao, kila mtu ana hofu yake na zipo habari za kutisha. Mimi nimechagua mshahara unaofika tarehe ileile, siku ya mapumziko isiyoguswa, na mazungumzo ya jioni kabla sijavua hata viatu: kala nini, kalala saa ngapi, kafanya nini kipya. Mchana ananitumia ujumbe mfupi wa sauti, na nasikia nyuma yake Babu akiita kuku.

Asubuhi simtoroki mtoto. Zamani nilishauriwa nipite mlango wa nyuma asione. Ukimtoroka, siku nzima anakuwa na wasiwasi kila mlango ukifunguka. Namwambia, "Mama anakwenda kazini, atarudi jioni, baki na dada," nampa mkono. Analia. Dada anasema kilio hakifiki kwenye kona ya duka.

Desemba dada anakwenda kwao Kondoa kwa likizo, na mama yangu anakuja kutoka Tanga kukaa na Babu. Ni mwezi wa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo pia, nimeshaandika kwenye kalenda. Mama amelea watoto saba, na nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, bila kumvunjia heshima, kwamba dada atamwonyesha ratiba ya mtoto. Jana nimempigia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi nilikulea wewe, Babu simjui analalaje. Mwambie huyo binti anisubiri, asipande basi kabla sijafika." Nimeshamkatia tiketi ya kuja mapema, wakae wote wawili kabla dada hajasafiri.